Nani Atachukuliwa Kajiado

Kila mwaka, kabla timu ya ligi haijafungua kambi yake kule Kajiado, watu wa hapa kwetu Kitengela huja dukani kuniuliza nani atachukuliwa. Duka si langu, mimi nimeajiriwa tu. Tunauza dawa za mifugo, chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe, na mbegu mvua ikikumbuka kunyesha. Mambo ya mpira yaliingia humo yenyewe, kwa sababu mbele ya duka kuna kivuli, pembeni mama wa chai ameweka jiko lake, na ng'ambo ya barabara kuna fundi wa pikipiki ambaye hana kazi nyingi kama anavyosema.

Sijui vizuri kwa nini wananiuliza mimi. Niliishia darasa la nane. Mpira wenyewe sikuwahi kuucheza vizuri. Ninachofanya ni kushika kibendera. Jumapili baada ya kanisa nasimama kwenye mstari wa chokaa, na mtu akiotea nainua mkono. Wanasema sina upendeleo. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa kwamba naogopa kelele za upande wowote, kwa hivyo nakimbilia katikati. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na sijalimaliza.

Siku ya kuchagua iko hivi. Vijana wanatoka kila pembe ya kaunti na viatu vyao mkononi, wanapewa fulana za rangi, wanacheza asubuhi mpaka vumbi linawageuza wote rangi moja. Mchana msaidizi wa kocha anasimama katikati ya uwanja na kuita wale wanaobaki. Huwa watatu, wakati mwingine wanne. Wengine wanaambiwa asante na wanaombwa warudishe fulana.

Watu hukosea kutabiri kwa sababu wanaangalia nani anajua mpira. Mimi naangalia kwanza nani ameondoka. Timu haichukui mchezaji mzuri, inaziba shimo. Mwaka ninaousimulia mashimo yalikuwa matatu, na hata fundi wa pikipiki aliyajua. Kipa wao alikuwa ameumia goti na hangerudi. Beki wa kati alikuwa amepata timu Nairobi. Na winga wa kushoto, yule tuliyekuwa tukimpigia makofi, alikuwa amevuka mpaka kwenda kucheza Tanzania.

Kwa kipa sikusumbuka. Kulikuwa na mmoja wa Kiserian, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Beki nilimjua pia, kijana wa Kimana aliyekua akibeba makreti ya nyanya, na mabega yake yalionyesha. Nilipofika kwa winga wa kushoto nilikwama, kwa sababu winga bora wa kushoto niliyewahi kumwona kwa macho yangu ni ndugu yangu.

Ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu hatusemi binamu. Na tena ni zaidi ya ndugu, kwa sababu tulitahiriwa asubuhi moja. Hapo lazima nieleze, maana kila kitu kilitokea hapo.

Baba yake alikuwa mgonjwa na alijua haendi mbali. Alitaka kuona wanawe wote wametoka utotoni kabla hajafunga macho. Basi wakapelekwa wote kwa mpigo mmoja, wakubwa wawili na huyu mdogo, na mimi nikaongezwa kwa sababu tuliishi boma moja na ng'ombe wa sherehe alikuwa wa kutosha. Sisi watatu tulikuwa tunaanza kuota ndevu. Yeye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo tu yameota upya, makubwa kuliko uso. Tulimwagiwa maji ya baridi, na yeye hakutikisa hata kope. Wazee waliongea habari hiyo mpaka jioni.

Kwetu mkishatahiriwa pamoja, mambo ya mkubwa na mdogo yanaishia hapo. Alikula nyama na sisi. Wanawake wa boma wakaanza kumsalimia kama mtu mzima, na yeye na yale meno yake akaitikia kwa sauti nzito ya kutafuta. Alipenda sana. Mpaka leo ukimuuliza ni wa umri gani hatakuambia mwaka. Atakuambia, "Mimi ni wa akina yule," na ananionyesha mimi.

Baadaye ukame ulimaliza ng'ombe wa nyumba ile. Ardhi iliuzwa kipande kwa kipande, ikawekewa nyaya na vibao. Ndugu zake wawili walienda kutafuta kazi mbali. Yeye alibaki na mama yake, akawa anavunja mawe kwenye machimbo, na jioni anakimbia na mpira pembeni ya nyua za watu. Timu ya ligi ilikuwa imetangaza inataka vijana tu, wasiozidi miaka ishirini na moja. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yake. Mwaka unaofuata angekuwa nje. Hakukuwa na mlango mwingine, na sisi wote tulijua.

Sasa, nimseme au nisimseme? Siku mbili hivi nilizunguka na swali hilo nikipanga chupa za dawa. Nikimsema, watadai nampendelea. Nikimwacha kwa sababu ni ndugu yangu, hiyo nayo ni kumwonea, kwa sababu mtu mwingine mwenye mguu ule ningemtaja bila kupumua. Mwishowe nilijiambia nifumbe macho, nimfikirie kama mtoto wa mtu nisiyemjua kutoka Gataka. Nikafumba. Bado alikuwa wa kwanza.

"Haya, kibendera," mama wa chai akaniita asubuhi iliyofuata. Yeye ni mtu wa Murang'a, na hajawahi kuniita jina lingine. "Sema watatu wako, maziwa isije ikamwagika nikikungoja."

"Kipa wa Kiserian," nikasema. "Beki wa Kimana."

"Hao hata kuku wangu wanawajua. Wa tatu?"

"Wa tatu ni ndugu yangu. Nadhani."

Fundi wa pikipiki alitoa kichwa chini ya pikipiki. "Ati nani? Refa amejipatia penalti!"

"Mimi si refa. Na nimesema nadhani."

"Si ungesema tu damu ni damu, tukuelewe?"

"Wachana na yeye," mama wa chai akasema. "Huyu mtu akikwambia maji ni maji, anaonja kwanza. Kama amesema huyo kijana ataenda, ataenda."

"Sijasema ataenda, Mama. Nimesema nadhani."

"Kunywa chai."

Lile neno *nadhani* halikufika mbali. Sijui linadondokea wapi njiani. Mama mdogo alipokuja dukani kuchukua dawa ya minyoo ya mbuzi zake waliobaki, alikuwa amevaa shanga za shingoni ambazo sikuwa nimeziona tangu mazishi ya mumewe.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Iko." Akaegemea meza. "Nimesikia umesema mtoto anachukuliwa."

"Yeyo, nilisema nadhani."

"Wewe huwa unakosea?"

Nilitaka kumjibu kwa haki. Nimewahi kukosea. Mwaka wa kwanza nilikosea wote. Lakini miaka iliyofuata nilipata, karibu wote. "Si sana," nikasema.

"Basi." Akafunga dawa kwenye leso. "Amemwambia msimamizi wa machimbo kwamba harudi. Nilimgombeza. Sasa nimeacha kumgombeza."

Alitoka. Nilibaki nimeshika kifuniko cha chupa.

Siku yenyewe upepo wa Kajiado ulikuwa umeamka kabla yetu. Walikuwa wameniomba nishike kibendera kwa sababu mtu wao hakufika. Nilisita, nikawaambia wazi kwamba niko na ndugu yangu kati ya wanaojaribiwa. Msaidizi wa kocha, mtu wa makamo wa huku huku kwetu, mwenye kofia na filimbi, aliangalia uwanja uliojaa akacheka. "Hapa kila mtu ni ndugu ya mtu," akasema. "Simama kwenye mstari."

Ndugu yangu alikuwa na fulana ya kijani. Alinipita akielekea nafasi yake, akanigusa bega akanisalimia. "Sopa, rika."

"Ipa. Umekula?"

"Nitakula kambini," akasema, na akacheka na yale meno.

Siwezi kueleza mpira vizuri. Nitasema tu kwamba beki aliyekuwa anamkaba alibadilishwa, na wa pili naye akaomba maji. Mara moja alipokea mpira nyuma ya wote, akamzunguka kipa wa Kiserian, akausukuma ndani polepole kama mtu anayefunga lango la mbuzi. Watu waliruka. Na mkono wangu ulikuwa juu.

Alikuwa ameotea. Kwa bega tu, lakini bega ni mtu pia. Niliona, kwa hivyo niliinua. Goli likafutwa. Nyuma yangu mtu alinitukana kwa lugha tatu. Ndugu yangu alinitazama kutoka mbali, akainua kidole gumba, akarudi kukimbia. Baadaye alifunga lingine, ambalo halikuwa na shaka.

Walipopumzika, msaidizi wa kocha alikuja akawa anapita kati ya vijana wakiwa wamekaa chini. Baadaye nilielewa alichokuwa anafanya. Lazima nimtendee haki hapa, kwa sababu watu wa dukani hawamtendei. Timu yake ilikuwa imeadhibiwa siku za nyuma kwa wachezaji waliopunguza miaka. Vitambulisho alikuwa ameviona vya kila aina, na mtu mwenye watoto shuleni ameandikwa kijana. Kwa hivyo kwa vijana wa kwetu alikuwa na njia yake, njia ya nyumbani. Hakuuliza, "Una miaka mingapi?" Aliuliza, "Ulitahiriwa pamoja na nani?" Wa asubuhi moja kwa kawaida huwa wa umri mmoja, na hilo hakuna kijana wa kwetu anayelidanganya. Huwezi kukana watu wa asubuhi yako.

Alipofika kwa ndugu yangu akamuuliza. Na ndugu yangu, kwa ile fahari yake, hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha mkono akanionyesha mimi kule kwenye mstari.

Mimi nina upara. Ni upara wa baba, ulinijia mapema, na jino moja la pembeni nililipoteza kwa teke la ndama. Mtu akinitazama ananiongezea miaka bila kuombwa, ingawa mwaka ule nilikuwa na ishirini na saba tu. Niliona msaidizi wa kocha akinitazama kwa muda. Halafu akaja.

"Ero," akaniita kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "yule wa kijani. Mlitahiriwa pamoja?"

"Ndiyo."

"Asubuhi moja?"

"Asubuhi moja. Lakini yeye alikuwa mdogo sana. Baba yake alikuwa mgonjwa, akataka wamalizwe wote."

Akatabasamu, si kwa ubaya. "Kila mtu hapa alitahiriwa mdogo. Nimesikia hiyo leo mara ngapi?"

"Hii ni kweli."

"Sikiliza. Wewe umemnyima goli ndugu yako mbele ya watu. Nikiwa na mtu mmoja wa kuamini uwanja huu, ni wewe. Niambie. Umemzidi miaka mingapi?"

Hakuna aliyeandika siku yake ya kuzaliwa. Mama mdogo huihesabu kwa mvua na kwa ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa wakati huo, na hesabu yake hubadilika akichoka. Kitambulisho kilichukuliwa baadaye, kwa kukadiria. Nilikumbuka yale meno mapya. Lakini wapo wanaoyapata mapema na wapo wanaochelewa. Nilikuwa nataka kumpa jibu ambalo ningeweza kusimama nalo.

"Mitano," nikasema. "Au sita. Nadhani."

"Unadhani."

"Nadhani ni sita."

Akatazama uwanja, mbuzi wa mtu walikuwa wanakatiza nyuma ya goli. "Asante," akasema. Akanipiga mgongoni kama unavyompiga mtu aliyefanya vyema.

Nimerudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala. Ningesema tu, "Sita, naapa," pengine angemchukua. Pengine hangemchukua. Lakini ningekuwa nimeapa kwa jambo ambalo sikulijua, na ndilo jambo ambalo kila kijana wa uwanja ule alikuwa anafanya siku ile. Kila nikifika hapo naona niko sawa, na kuona niko sawa hakunisaidii chochote.

Mchana alisimama katikati. Akamwita kipa wa Kiserian. Akamwita beki wa Kimana. Kwa winga wa kushoto akamwita kijana mmoja mwembamba aliyekuwa na fulana ya manjano, ambaye sikumbuki alifanya nini. Nakumbuka alikuwa mwepesi wa kulia, na alilia kwa furaha, na ingekuwa makosa kumchukia. Halafu akawaambia wengine asante.

Ndugu yangu alivua ile fulana ya kijani, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisa, akaiweka juu ya rundo.

Kipa wa Kiserian ana mtoto ambaye amenizidi kusoma Kiingereza. Najua kwa sababu huja naye mechi za Jumapili. Hakuna aliyeniuliza juu ya kipa. Yeye si wa kwetu, huwezi kumuuliza alitahiriwa pamoja na nani ukajua chochote, kwa hivyo alionyesha kitambulisho chake na kikakubaliwa. Nilifikiria kwenda kusema. Lakini ningesema nini, na kwa faida ya nani? Shimo la winga halingefunguka kwa sababu nimefungua la kipa. Nilikunja kibendera.

Nilimngoja langoni. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, na kusema kweli ningepumua kidogo kama angenitukana.

"Alikuuliza?" akasema.

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia tulitahiriwa pamoja. Nikamwambia ulikuwa mdogo. Aliniuliza mdogo kiasi gani, nikasema nadhani sita."

Akafikiri, akipiga viatu vyake ukutani kutoa vumbi. "Ni sita?"

"Sijui. Wewe unajua?"

"Mimi nitajuaje? Si nilikuwa mdogo." Na akacheka, kidogo tu, halafu kicheko kikamwisha njiani. "Kwani ungesema nini, rika? Niliwaonyesha wewe mimi mwenyewe."

"Ungesema ulitahiriwa pamoja na watoto."

Akanitazama kama nimetapika. "Niwakatae nyinyi?"

Tulitembea. Mbele ya duka la nyama alisimama akasema hana njaa, ingawa sikuwa nimemuuliza.

Kesho yake dukani mama wa chai alikuwa ameshasikia, lakini kwao hesabu ilikuwa ile ya watabiri. Nilikuwa nimepata wawili kati ya watatu, na fundi wa pikipiki alikuwa amepata mmoja, na ubishi ulikuwa wa soda. Fundi akaileta mwenyewe, baridi, akaiweka mbele yangu.

"Umenishinda," akasema. "Huyo wa tatu ungemwacha, ungekuwa nabii kabisa. Ni damu ilikuangusha, nilikwambia."

"Fundi, nyamaza leo," mama wa chai akasema.

Nilikunywa soda. Nilikuwa na kiu, na alikuwa ameinunua kwa haki.

Machimbo hawakumrudisha, walikuwa wameshapata mwingine. Alikaa nyumbani muda fulani, akimsaidia mama yake na wale mbuzi. Mama mdogo hajanilaumu hata siku moja. Anapokuja dukani ananisalimia vizuri, anaulizia watoto wangu, anachukua dawa yake. Zile shanga hajazivaa tena. Kabla mwaka haujaisha, ndugu yangu alipata kazi ya kulinda jengo la ghorofa kule Gataka. Anavaa koti kubwa la bluu na anafungua lango. Nilimtembelea mara moja. Watoto wa wenye nyumba walikuwa wanacheza mpira ndani ya ua, mpira ukaja miguuni mwake, akaurudisha kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini kwa mkono. Alisema viatu vya kazi ni vizito.

Msimu uliofuata, kabla kambi haijafunguliwa, mtu mmoja aliingia dukani akiwa amevaa kofia. Sikumtambua kuwa ni yule msaidizi wa kocha mpaka aliponiita "Ero." Alikuwa amepita kutoka Nairobi kuelekea nyumbani, na kondoo zake walikuwa wanakohoa. Nilimuuliza kama wanatoa makamasi, kama ni wote au ni wachache, nikamweleza dawa mbili, nikamwambia ile ya bei ya chini inatosha. Hiyo ni kweli, inatosha.

Alikuwa anatoka, akageuka.

"Yule rika lako, wa kushoto. Bado anacheza?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Nilimwona amesikitika, na sidhani alikuwa anaigiza. "Siku ile hakukuwa na mwingine kama yeye. Na huyu tuliyemchukua ameshaacha, alitaka kurudi shule." Akaweka dawa mfukoni. "Mngemleta mapema kidogo. Miaka michache tu mapema."

Nilitaka kumwambia kwamba miaka michache mapema alikuwa mtoto. Lakini nilishamwambia hivyo mara moja.

"Mwaka huu pia tunatafuta winga," akasema. "Wewe uko karibu na vijana. Nani anafaa?"

Nje mama wa chai alikuwa amenyamaza ili asikie, na fundi alikuwa ameacha kugonga. Wote wawili walikuwa wananingoja.

"Sijui," nikasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo bila kuongeza neno. Nilimrudishia chenji yake, nikamwambia atikise chupa kabla ya kuwanywesha.